Babu Alihudhuria Mkutano

Watu wa uhandisi huulizwa watajenga nini. Watu wa udaktari huonyeshwa vidonda kwenye daladala. Sisi wa sayansi ya siasa tunaombwa hela ya soda mapema, kabla ubunge wenyewe haujaja. "Mheshimiwa, usije ukatusahau!" Nimeshaitwa mheshimiwa na konda, na mama ntilie, na baba yangu mdogo ambaye tangu nianze chuo hajawahi kunipigia simu bila kumalizia na "wasalimie wakubwa huko". Wakubwa gani sasa? Mkubwa pekee anayenijua kwa jina ni mlinzi wa hosteli, na ananijua kwa sababu nachelewa kurudi.

Halafu wapo wanaodhani hatutakuwa chochote. Mwenzangu wa chumbani anasoma uhasibu. Mwaka wa kwanza mzima aliamini kozi yangu ni kusoma magazeti na kubishana. "Nyie si mnapiga stori tu, halafu mnapewa digrii?" Nilikuwa nakasirika. Siku hizi namwacha, maana ukweli ni kwamba kwa miaka miwili hata mimi sikuwa na jibu. Nilikuwa na maneno mengi tu. Kitu kinachofanana na jibu nilikipata likizo ndefu ya kuingia mwaka wa tatu, ndani ya faili la kijani katika ofisi ya kijiji chetu, na tangu nikipate sina raha nacho.

Lakini tuanzie huku. Nilikuja chuo na HGK yangu nikidhani nitafundishwa jinsi ya kushinda uchaguzi. Wiki za mwanzo tukapewa Hobbes, Mwingereza aliyetoa kitabu chake mwaka 1651, miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, anayesema bila mtawala mwenye nguvu kila mtu ataishi akimwogopa mwenzake. Akafuata Machiavelli, ambaye alipoteza kazi serikalini, akafungwa, akateswa, ndipo akakaa shambani mwaka 1513 akaandika namna watawala wanavyopata madaraka na wanavyoyapoteza. Nilisoma kama tunavyosoma wengi: desa la mwaka jana, usiku wa manane, kimbweta chenye taa. Niliweza kutaja sifa za dola bila kuvuta pumzi. Sapu sikupata. Lakini ungeniuliza dola iko wapi, ningekuonyesha Dodoma kwenye ramani.

Tulichokipenda sana ni historia ya Mlimani penyewe. Kwamba Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kuwa la lazima, Mwalimu akawarudisha makwao mamia, na katika hasira hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwamba mwaka 1969 wanafunzi wenzetu walianzisha jarida lao, Cheche, na mwaka uliofuata likapigwa marufuku. Kwamba Machi 1978 waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza za marupurupu ya mawaziri na wabunge, wakafukuzwa tena. Tulivimba vichwa kwa hizo habari. Tulijiona warithi wa mashujaa, ingawa maandamano yetu sisi huanzia kwenye grupu la WhatsApp na kuishia humohumo.

Mwaka wa pili ndipo kozi ilipoanza kuniingia, na iliingia kwa mlango wa mabishano ya Wamarekani. Robert Dahl alichunguza mji mmoja, New Haven, akatoa kitabu mwaka 1961. Swali lake lilikuwa rahisi: nani anatawala hapa? Akafuatilia maamuzi, akaangalia nani alishinda katika lipi, akakuta hakuna kikundi kimoja kinachoshinda kila mara. Mwaka uliofuata, Bachrach na Baratz wakamjibu: wewe umehesabu mambo yaliyofika mezani tu, je, yale yaliyozuiwa yasifike? Mwaka 1974 akaja Steven Lukes akasema kuna kingine cha ndani zaidi, pale mtu anapofanywa hata asione kwamba ana jambo la kulalamikia.

Kwenye kimbweta tuliyafupisha haya ili yakae kichwani mpaka siku ya UE. Wa kwanza anashinda kikaoni. Wa pili anaandika ajenda. Wa tatu amekufanya usahau kwamba kikao kipo. Tulicheka sana. Nilipata A kwenye kozi ile na nikaamua utafiti wangu uwe juu ya mambo haya: ushirikishwaji wa wananchi katika Mkutano wa Kijiji. Nikachagua kijiji chetu. Ningependa kusema nilikichagua kwa sababu za kitaaluma, lakini nilikichagua kwa sababu bumu lilikuwa limekwisha na kwa shangazi nalala na kula bure. Jina la kijiji sitaji. Hata mkoa nimeuacha, na mbele mtaona sababu.

Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza ambao hamjaenda fildi, jueni kwamba utafiti huanza na mihuri. Barua ya chuo inakwenda mkoani. Mkoa unakuandikia barua ya wilaya, wilaya inakuandikia ya kata, kata inakuandikia ya kijiji. Kila ofisi unasubiri kwenye benchi, kila ofisi unaambiwa mhusika katoka kidogo. Nilipofika kwa Mtendaji wa Kijiji nilikuwa na karatasi nne zenye mihuri minne, na nilikuwa nimejifunza kuhusu dola kuliko mwaka mzima wa kwanza.

Shida ya pili ilikuwa lugha. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, mitihani ya Kiingereza, na dodoso lazima liwe la Kiswahili. Lile neno moja ambalo Dahl na wenzake wanagombania, Kiswahili kimeligawa mafungu: nguvu, uwezo, madaraka, mamlaka. Nikaandika, "Nani mwenye nguvu katika kijiji hiki?" Nikalijaribu dodoso kwa mzee mmoja jirani. Akafikiri, akamtaja kijana anayebeba magunia mashineni. Nikabadilisha: nani mwenye mamlaka? "Mwenyekiti na Mtendaji. Si unawajua?" Nikasema hapana mzee, nauliza nani akisema jambo, linakuwa. Akanitazama kwa muda. "Hilo haliandikwi, mjukuu wangu," akasema, kisha akaomba ile karatasi niliyokosea akafungie ugoro.

Na hilo neno "ushirikishwaji" lenyewe, ambalo liko kwenye kichwa cha utafiti wangu na kwenye kila hotuba ya semina, nililitazama usiku mmoja nikashtuka. Ushiriki ni wa kwako, unakwenda mwenyewe. Ushirikishwaji unasubiri mtu aje akushirikishe. Tumelizoea mpaka hatulisikii tena. Nilifikiria kubadilisha kichwa, lakini fomu ilikuwa imeshapitishwa chuoni, na kubadilisha kichwa kunataka mhuri.

Basi nikajaza madodoso 60. Mtendaji alikuwa mwema kwangu kupita kiasi. Siku mbili za mwanzo alinisindikiza nyumba kwa nyumba, akinitambulisha: "Huyu ni mtoto wetu, yuko chuo kikuu, mjibuni bila wasiwasi." Yeye anakaa kwenye kigoda pembeni, mimi nauliza: je, unaridhika na jinsi uongozi wa kijiji unavyokushirikisha? Naona mnavyotabasamu. Mimi sikutabasamu, nilikuwa naweka alama ya vema. Watu 54 kati ya 60 waliridhika au waliridhika sana. Shangazi yangu aliridhika sana. Nikajiona nina matokeo mazuri. Asilimia 90! Nikaanza kuchora majedwali kichwani.

Kilichobaki kilikuwa kupitia mihtasari ya mikutano ili sura ya nne iwe na nyaraka. Mtendaji akanipa faili zima, akanipa na meza yake, akaenda zake kusuluhisha kesi ya mbuzi. Hili mlikumbuke: alinipa mwenyewe, hakuficha kitu.

Kwa utaratibu wetu Mkutano wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Ndio mkubwa, juu ya Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, usomewe mapato na matumizi. Kwenye faili la kijani mikutano yote ilikuwepo, robo kwa robo, hakuna hata robo moja iliyorukwa. Kila muhtasari una ajenda, una maazimio, na nyuma umebandikwa orodha ya mahudhurio. Septemba 2023 walihudhuria watu 187. Nilikuwa naipitia orodha kwa kidole, nikihesabu wanawake ni wangapi, nikafika namba 112. Nikasimama hapo. Namba 112 ni babu yangu.

Babu alifariki Aprili 2019, nikiwa kidato cha nne. Niliruhusiwa kutoka shule nikafika wakati wanateremsha jeneza. Sasa huyu hapa, miaka minne baadaye, amehudhuria mkutano. Na amesaini. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu ofisini kama mwehu, kwa sababu babu hakujua kuandika. Maisha yake yote aliweka dole gumba. Alihamishiwa kijiji hiki na Operesheni Vijiji mwaka 1974. Lori liliwashusha hapa na magodoro, kuku, na mlango wa nyumba ya zamani aliokataa kuuacha. Akaandikishwa kwa dole gumba. Mchango wa shule, dole gumba. Kadi ya pembejeo, dole gumba. Kumbe alikuwa anasubiri kufa ajifunze kusaini, tena mwandiko mzuri, wa kulala upande.

Nikarudi nyuma kwenye mikutano ya 2022, ya 2021. Babu yumo. Orodha ni ileile, mpangilio uleule, kalamu tu ndizo tofauti.

Nilimsubiri Mtendaji arudi. Sikujua nimuulizeje mtu mzima swali kama lile. Nikasema, "Mzee, humu nimemwona babu." Akachungulia. Alinyamaza kidogo, kisha akakaa upande wangu wa meza, upande wa wageni.

"Mungu amrehemu," akasema. "Orodha ilitoka ya zamani."

Akanieleza bila kupandisha sauti. Wilayani wanataka mihtasari minne kwa mwaka. Usipopeleka unaitwa, unaulizwa kwa nini kijiji chako hakikutani. Ukiitisha mkutano wakati wa kilimo wanakuja wazee kumi na watoto wa kuchungulia. Ukiitisha baada ya mavuno wanakuja arobaini, wanauliza maji yanakuja lini, na yeye hana jibu la maji. Basi Halmashauri inakaa, inaandika, mwenyekiti wa kila kitongoji anapita na karatasi jioni, na asiyepatikana anajaziwa. Rimu ya karatasi ananunua kwa hela yake. "Kule wanataka karatasi, na watu wako shambani. Mimi niko katikati hapa. Wewe msomi ungefanyaje?"

Sikuwa na jibu. Ndani ya kichwa, nisiseme uongo, nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nimekamata kitu. Nilikuwa naona sura yangu ya nne inavyong'aa.

Furaha ile iliisha niliposoma muhtasari wenyewe badala ya mahudhurio. Ajenda namba nne ya Septemba 2023: ombi la kukodi bonde. Bonde lile nalijua kama kiganja changu. Ndipo wanawake wa upande wetu walipokuwa na majaruba ya mpunga, na kiangazi wanapanda mchicha na nyanya. Ekari 40, miaka kumi, mwombaji kutoka nje ya kijiji. Na chini yake: wajumbe wote 187 kwa kauli moja wameridhia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Hilo niliandika kwenye mtihani. Kwa hiyo karatasi ilikuwa safi kisheria, idhini ipo, na mmoja wa waliotoa idhini ni marehemu aliyelima bonde hilohilo tangu 1974.

Namba 63 alikuwa shangazi. Shangazi alikuwa na majaruba matatu pale.

Jioni nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza kama alikuwepo kwenye huo mkutano. Akasema mkutano gani, hakukuwa na mkutano. Mbona umesaini? "Nilisaini. Walipita na karatasi." Ulijua ni ya nini? Akaendelea kuchambua. "Imeandikwa Mahudhurio juu. Mimi si nimesoma mpaka la saba?"

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo nikikumbuka naona aibu, kwa nini basi kwenye dodoso langu alijibu ameridhika sana.

"Wewe mtoto," akasema, "ulikuja na Mtendaji mlangoni kwangu. Ulitaka niseme nini?" Kisha akaweka ungo chini. "Na fomu yako ya mkopo, ulipokuwa unakwenda chuo, nani alikugongea mhuri?"

Alinigongea yeye. Mwaka 2022, siku ya Jumapili, alitoka kanisani akafungua ofisi kwa ajili yangu, na hakunidai hata ya soda. Bumu ninalokula, na hizi kurasa ninazowaandikia, vyote vimepita chini ya mhuri ule.

Nimesoma Lukes mara tatu tangu siku ile. Yeye anasema upo uwezekano wa mtu kutoona kabisa kwamba ananyimwa kitu, na labda wapo watu wa namna hiyo. Shangazi si mmoja wao. Shangazi aliona kila kitu, akapiga hesabu, akasaini. James Scott, ambaye kitabu chake cha mwaka 1998 kina sura nzima juu ya vijiji vyetu vya ujamaa, ananisaidia kidogo zaidi: serikali hupenda kijiji kinachosomeka kwenye karatasi. Sawa, ila hata yeye hakunieleza nifanye nini na mtu aliyenikopesha meza yake.

Nilirudi chuoni nikaenda kwa msimamizi wangu na majedwali. Nilimwonyesha asilimia 90 kwanza, nikitumaini, sijui kwa nini, kwamba ataridhika nayo tuyaache mengine. Akaitazama. "Alikuwepo nani wakati unauliza?" Nikamwambia. Akalifunga dodoso, akasema hizi si data za kuridhika, hizi ni data za kigoda. Ndipo nikamtolea habari ya babu.

Tulikaa saa nzima. Kwenye ukurasa wa kwanza wa dodoso mimi mwenyewe niliandika kwamba taarifa zitatumika kwa masomo tu na hakuna atakayedhurika kwa kujibu. Nilipiga chapa sentensi ile mara 60 bila kuisoma, kama tunavyofanya wote. Sasa ilikuwa inanitazama. Nikiandika mahudhurio ya kughushi peke yake, kijiji kinaweza kuitwa Kijiji A na kikajificha, kwa sababu, tuseme kweli, vinafanana vingi. Nikiandika bonde, ekari 40, miaka kumi, yeyote wa kata ile atajua ni wapi, na atajua Mtendaji ni nani. Atafukuzwa yeye, mwenye mshahara mdogo na rimu ya kununua. Aliyekodi bonde atabaki na karatasi yake. Msimamizi hakuniamulia. Alisema tu kwamba nimepata kitu ambacho sikukiuliza, na kwamba huo ndio mwanzo wa utafiti.

Nililiacha bonde. Ripoti ina kurasa 48, inaeleza jinsi muhtasari unavyotengenezwa, nani anaudai na nani anaulipia, na kwa nini madodoso yangu yalidanganywa. Sura ya mbinu ni kukiri makosa mwanzo mpaka mwisho. Nilipata B+. Bonde halimo hata kwa sentensi moja. Kuna siku najiambia nilimlinda mtu, kuna siku najiambia nilifanya kilekile alichofanya yule anayeandika ajenda. Hapa nimelitaja kwa sababu jarida hili halina mhuri, na kwa sababu nimechoka kulibeba.

Kibali cha utafiti kina sharti ambalo wengi hulipuuza: nakala ya ripoti irudishwe kijijini. Likizo fupi baada ya semista ya kwanza nikaenda nayo. Katikati hapo, tarehe 27 Novemba 2024, ulikuwa umefanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa mpya. Mtendaji alikuwa yuleyule, maana yeye hachaguliwi, ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Aliipokea ripoti kwa mikono miwili. Akafungua katikati, akaona Kiingereza, akanirudishia. "Nisomee ulichoniandika."

Nikamsomea kwa Kiswahili, nikitafsiri papo hapo, jasho linanitoka. Alisikiliza mpaka mwisho wa sura ya nne. "Jina langu umeliweka?" Nikasema hapana. "Na la kijiji?" Hapana. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akafungua kabati, akatoa rejesta ya wakazi, akaniuliza tarehe aliyofariki babu. Hakuna aliyekuwa amekwenda kutoa taarifa, na kwetu nani angekumbuka? Nikamtajia. Akaandika kwa kalamu nyekundu, taratibu, mwandiko wa kulala upande.

Nje, kwenye mwembe, palikuwa na tangazo la mkutano wa Jumamosi, mwenyekiti mpya anajitambulisha. Kufungua. Kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Yatokanayo. Mapato na matumizi. Mengineyo. Kufunga. Nililipiga picha kwa simu nikampelekea shangazi. Usiku ule nilimfundisha kitu pekee cha digrii yangu ambacho nadhani kina matumizi: kwamba mambo mazito asiyasubiri Mengineyo, kwa sababu wakifika pale jua limezama na watu wanaondoka. Yatokanayo ndipo mahali pake. Muhtasari ukisha kusomwa na kuthibitishwa, mtu yeyote ananyosha mkono na kusema, mwenyekiti, mimi nina swali juu ya yale ya mwaka juzi kuhusu bonde, naomba tusomewe waliohudhuria, jina kwa jina.

Alinifanya nirudie mara mbili. Alirudia na yeye, kwa sauti, "naomba tusomewe waliohudhuria". Ilimkaa vizuri mdomoni. Kisha akazima koroboi.

"Mdogo wako anamaliza kidato cha sita mwezi wa tano," alisema gizani. "Na yeye si atataka mkopo?"

Jumamosi ile nilikuwa kwenye basi, Jumatatu masomo yanaanza. Tumeshaongea kwenye simu mara nyingi tangu siku hiyo, habari za mvua, za mahindi, za mguu wake. Kama alinyosha mkono au hakunyosha, hajasema, na mimi sijamuuliza.